Kidonge kwenye kasha la fidla

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja. Nyumbani napiga vizuri, ila nikikaa jukwaani mkono wa upinde unatetemeka. Tangu mwaka jana nachukua kidonge cha presha cha mama, propranololi, nakimeza saa moja kabla ya shughuli, na mkono unatulia. Juzi mwenzangu ameviona kwenye kasha la fidla, sasa kikundi kizima wananiita teja. Kweli nawadanganya watu? Utotoni nilikuwa na pumu, sijui kama inahusu.*

Marahaba, mwanangu.

Neno teja hapa kwetu ni zito. Wapo akina mama waliozika watoto kwa ajili ya unga, na aliyekurushia neno hilo kwa kidonge cha presha amekukosea sana. Propranololi hailevyi. Ukiingiwa na hofu, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio na vidole vinatetemeka. Dawa hii inaizuia adrenalini isifanye kazi yake kwenye moyo na misuli. Hofu yenyewe yaweza kubaki kichwani vilevile, ila upinde hauruki-ruki tena juu ya uzi pale unapovuta ile sauti ndefu ya taksimu, fidla ikipiga peke yake. Taksimu yenyewe umeitoa wewe.

Wanaosema unadanganya wameyatoa michezoni. Kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mlenga shabaha wa Korea Kaskazini, Kim Jong-su, alinyang'anywa medali mbili kwa dawa hiihii. Ni haki, maana kwenye kulenga shabaha utulivu wa mkono ndio mashindano yenyewe. Wewe hushindani na mtu. Watu wamekuja kusikiliza. Wala si wewe peke yako. Mwaka 1987 wapigaji wa okestra za Marekani walipoulizwa, 27 kati ya kila 100 walisema wameshatumia dawa za jamii hii, na wengi wao bila kupitia kwa daktari.

Hapo kwenye daktari ndipo moyo wangu ulipolipuka nilipoisoma barua yako. Pumu umeitaja mwishoni kama jambo dogo, kumbe ndiyo kubwa kuliko yote. Dawa hii yaweza kukubana kifua hata kama pumu ilikuacha miaka mingi. Usimeze kingine! Ukihisi kifua kinabana au kinalia kama filimbi ukipumua, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Wewe ungekwenda kwa daktari mwaka jana, nina hakika, kama usingeogopa kuonekana mla dawa. Aibu ndiyo iliyokupeleka kwenye kabati la mama. Basi wiki hii nenda, umweleze yote: pumu, mkono, na vidonge ulivyokwisha kunywa. Zipo njia nyingine za kuituliza hofu, na kuna wanaofundisha kuizoea kidogo kidogo. Anza kwa kuwapigia majirani barazani, wawili watatu, kisha waongezeke.

Mwenzako aliyeviona mwite pembeni umwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi. Kikundi kizima huna deni nao la maelezo.

Ila mama mwambie leo. Vidonge vyake vikimwishia kabla ya siku yake ya kliniki akakaa bila dawa ghafla, moyo wake ndio utakaopata taabu, naye hatajua kwa nini.

Shangazi yako