Usimpikie kasufuria kake pembeni

Dada, umesema binti yako ameacha kula nyama, ndugu na marafiki wanakuja mwisho wa wiki, na hujui kama umpikie yeye peke yake pembeni au ubadilishe chakula chote. Nakujibu kwa niliyopitia. Kijana wangu wa pili aliacha nyama miaka tisa iliyopita na hajairudia.

Ka pembeni usikapike. Mimi nilikapika karibu mwaka mzima: sisi tuna sufuria kubwa mezani, yeye ana bakuli lake la mboga za kuchemsha, na kila mgeni anauliza kama mtoto anaumwa. Hakuwahi kulalamika. Ila siku moja nilimwona anajipakulia wali mtupu, ananyunyizia chumvi, bakuli lile hakuligusa. Iliniuma sana. Tangu hapo sufuria kubwa ndiyo haina nyama, na anayetaka nyama ndiye anayewekewa sahani ya pembeni.

Sasa kazi iko kwenye ladha. Mtu akikwambia chakula kimepooza kwa sababu hakina nyama, mara nyingi anachokosa ni ule ukahawia wa kukaangwa. Ukahawia huo unakolea pale joto linapofika kama nyuzi 140 za Selsiasi, na maji yanachemka kwenye 100. Maana yake mboga ikiwa inaogelea kwenye maji haitafika huko hata uipike kutwa. Ndiyo maana mboga zangu za mwanzo zilikuwa zimepooza.

Jaribu na uyoga uone. Karibu asilimia 90 yake ni maji. Pasha karai hadi liwe la moto kweli, tandaza uyoga bila mafuta na bila kuurundika, kama ni mwingi kaanga kwa awamu. Baada ya muda utatoa maji, utadhani umeharibika. Usiyamwage, yaache yakauke humo humo. Sikiliza: mtokoto utakatika, ije sauti kavu ya kukaangika. Hapo ndipo unatia mafuta, kisha chumvi, kisha kitunguu saumu kwa dakika moja tu kisiungue. Kingo zitakuwa za kahawia na ukitafuna unapata kitu cha kutafuna kweli. Shemeji yangu, mtu wa nyama hasa, huu uyoga anaudokoa kabla haujafika mezani.

Vitunguu navyo vipe muda, nusu saa au zaidi kwa moto mdogo hadi viwe na rangi ya asali iliyokolea. Nyanya ya kopo ikaange kwenye mafuta hadi igeuke rangi na mafuta yajitenge, ndipo uongeze maji. Viungo vikavu pia vianzie kwenye mafuta, maana harufu yake nyingi huyeyuka humo kuliko kwenye maji. Na kuna ile ladha nzito ya supu ambayo watu hudhani ni ya nyama peke yake. Mwaka 1908 mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliipata kwenye supu ya mwani, akaona inatokana na kemikali ya asili iitwayo glutamati, akaiita ladha hiyo umami. Imo kwenye nyanya zilizoiva, sosi ya soya na jibini iliyokaa muda mrefu. Uyoga mkavu ukiuroweka, yale maji yake yachuje utie kwenye mchuzi, ni dhahabu.

Maharage mekundu nakuomba uyaheshimu. Niliwahi kuyapika kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo, nikaridhika kwamba yamelainika, na usiku ule watu wanne walitapika. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauimalizi. Yaroweke usiku kucha, maji yamwage, tia mapya, yatokote kwa nguvu kwa dakika 10 kamili (mimi naenda nusu saa), ndipo upunguze moto. Nyanya na limau visubiri hadi yalainike, kwa sababu uchachu unayafanya yabaki magumu. Mwishoni ponda upawa mmoja wa maharage ukutani mwa sufuria kisha koroga: mchuzi unakuwa mzito bila unga. Ukikosa muda, dengu zilizokobolewa hazihitaji kurowekwa na huiva ndani ya nusu saa.

Kabla ya kununua kitu, mwulize binti yako kama mayai na maziwa anakula. Kisha soma pakiti: vidonge vya supu vingi vina nyama au kuku, jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kijana wangu aligundua kidonge cha kuku kwenye mchuzi wangu baada ya miezi, na nilimwomba radhi.

Kuhusu afya yake, madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga za majani huingia mwilini vizuri zaidi ukiyala na kitu chenye vitamini C, na chai isogezwe mbali na mlo. Vitamini B12 usiibahatishe: kama ameacha na mayai na maziwa, anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Kwa siku yenyewe ningepika hivi: maharage mazito jana yake, kwa sababu yakilala yananoga zaidi, wali, mboga za majani za kukaanga haraka, na uyoga. Kama kuna karanga au ufuta popote waambie wageni mapema, wapo wanaodhurika. Uyoga uwe wa mwisho jikoni, watu wakiwa wameshanawa, maana ukikaa umefunikwa unarudi kuwa laini. Limau kamulia sufuria ikishaepuliwa.