Ukipanga kutembelea msitu wa taifa Marekani, anza na simu

Wageni wengi huchanganya misitu ya taifa na hifadhi za taifa kama Yellowstone. Misitu husimamiwa na Idara ya Misitu, iliyoundwa mwaka 1905 chini ya Wizara ya Kilimo, na tofauti hiyo utaiona mara ufikapo. Humo watu huvuna mbao, hulisha ng'ombe na kuwinda msimu ukifika. Sehemu nyingi unaruhusiwa kupiga hema bure nje ya kambi rasmi, kwa kawaida si zaidi ya siku 14. Naupenda sana uhuru huo, ila huko hakuna bomba, choo wala pipa la taka. Kila kitu unakwenda nacho na kurudi nacho.

Kwa hiyo mimi kabla ya kufungasha chochote hupiga simu. Kila msitu umegawanywa katika wilaya, na kila wilaya ina ofisi yake. Usiulize tu kama msitu uko wazi. Taja barabara unayotaka kupita na gari ulilonalo, kisha uliza kama linapita wiki hii. Safari moja ramani ya simuni ilinionyesha njia nyeupe kabisa, kumbe daraja lilikuwa limezolewa na mafuriko. Aliyenijibu ofisini alilijua hilo na akanielekeza njia nyingine nzuri zaidi. Uliza pia kuhusu dubu, maana kuna misitu inayokulazimu kufungia chakula ndani ya chombo maalumu.

Usisahau kuuliza kuhusu moto. Masharti hubadilika kulingana na ukame, na moto ulioruhusiwa mwezi jana leo unaweza kuwa kosa. Ukiruhusiwa, uzime kwa maji, koroga majivu, mwagia tena, halafu yaguse. Kama bado yana joto, usiondoke.

Pakua ramani ukiwa bado na mtandao. Msimu wa uwindaji vaa rangi ya chungwa inayong'aa. Haja kubwa ichimbiwe shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji.

Mwisho, mwachie mtu wa nyumbani jina la njia, namba ya gari na saa ya kurudi, na mkubaliane ikipita saa ngapi bila habari zako aombe msaada.