Maswali na majibu: Tatuu nyeupe, kuichora ni rahisi, kuitoa ndio kazi

Tangu nijibu lile swali la piko, ile rangi nyeusi ya kujichora mwilini, maswali yamegeuka, sasa kila mtu ni tatuu nyeupe, ile ya wino mweupe mtupu inayokaa kama lesi juu ya ngozi. Nimechukua machache, mengine yalikuwa yaleyale. Na kabla hamjaanza kunitukana, mimi simtumi mtu akachore wala simkatazi, najibu nlichoulizwa.

Swali: Nataka tatuu ndogo ya mkononi, nimechagua wino mweupe ndio mamangu na watu wa kazini wasishtukie. Mimi ni maji ya kunde. Itatokea vizuri? (Dada, Bamburi)

Dadangu, hizo picha unazoziona Instagram nyingi zimepigwa siku ileile ya kuchora, bado pamevimba, wino unang'aa kama maziwa. Mtafute huyohuyo mtu baada ya mwaka ndio uone. Kitu watu hawaambiwi ni kwamba wino haukai juu, sindano inaushusha mpaka ngozi ya ndani, halafu ngozi ya juu yenye melanini, yaani hiyo rangi yako ya maji ya kunde, inajifunga tena juu yake, kwa hivo kila siku utakuwa unauangalia wino kupitia rangi yako mwenyewe. Hebu mimina chai ya rangi kwenye gilasi, weka karatasi nyeupe nyuma, uniambie karatasi imekuwa rangi gani. Hata kwa wazungu weupe pe huwa inafifia na kuingia umanjano, sembuse sisi. Kwa ngozi zetu mara nyingi inaishia krimu iliyokufa, ama inapotea kabisa unabaki na vimistari vilivyoinuka ukipapasa, na watu wanakuuliza kwani uliungua na pasi.

Na hili la siri ndilo linanichekesha. Mama aliyekuogesha tangu mchanga, anajua kila alama ya mwili wako, asione kovu lenye umbo la kipepeo? Kazini labda wasione. Lakini ukichora kwa hesabu ya kwamba ikinichosha ntaitoa, basi umechagua wino mbaya kuliko yote kwa hesabu hiyo, soma jibu la tatu hapo chini. Ukiwa bado unaitaka, mwambie mchoraji akuwekee nukta mbili tatu pahali pa kufichika kwanza, zikae miezi kadhaa zipone, zipigwe na jua kidogo, halafu uamue. Akikataa hilo, huyo ana haraka na pesa yako.

Swali: Yangu ilikuwa safi mwezi wa kwanza, sasa imekuwa njano na upande mmoja kuna uzambarau. Fundi anasema nirudi aongeze wino. Nirudi? (Kaka, Tudor)

Huo uzambarau naujua, ni ile karatasi ya kuchapia mchoro. Wanakubandikia ule mchoro wa zambarau halafu wanafuata mstari na sindano, kwa wino mweusi hakuna atakayegundua, lakini kwa mweupe kila sindano ikipita juu ya mstari inaenda na zambarau chini. Mtu anayejua kazi anachora kwa mkono bila karatasi, au anaufuta mchoro uwe hafifu kabisa, na sindano inakuwa mpya haijagusa rangi nyingine, sababu hata damu yako tu na ule wino mweusi uliobaki kwenye mashine zinatosha kuchafua. Njano ni mchanganyiko wa rangi ya ngozi yako na jua, na kakangu hapa Mombasa jua halina msimu, ukivuka feri tu mkono ushaiva.

Kuongeza wino kunasaidia kwa muda, lakini kila akirudia anachana palepale. Wino mweupe ni mzito na wengi wanaukandamiza ndio uonekane, hapo ndipo makovu yanapoanzia. Kama una historia ya makovu yanayovimba na kukua, kwako ama kwa ndugu zako, usirudi kabisa.

Swali: Kuna mahali nimeambiwa leza mara moja tu inatoka yote kwa vile ni nyeupe, hata si nyeusi. Ni kweli? (Msomaji, Nyali)

Si kweli, ni kinyume chake, na hili ndilo naomba msome polepole.

Leza inapiga mwanga wa kasi sana, wino unaunyonya ule mwanga, unapasuka vipande vidogovidogo, kisha mwili wenyewe unavibeba taratibu wiki baada ya wiki. Kwa hivo wino unaonyonya mwanga vizuri ndio unaotoka vizuri, na huo ni mweusi. Mweupe kazi yake ni kuurudisha mwanga. Na kuna balaa kubwa kuliko hilo, wino mweupe mwingi ni titani dioksidi, unga uleule unaotiwa kwenye rangi ya ukuta na sanskrini, na leza ikiupiga inaweza kuubadilisha kikemikali, ukageuka buluu ya kijivu au mweusi. Papo hapo. Si ngozi iliyoungua, ni wino wenyewe umegeuka. Mtu anaingia na tatuu ambayo hata haionekani, anatoka na doa jeusi ambalo mpaka konda wa matatu analiona.

Halafu inaficha. Mara tu baada ya kupigwa, pale pahali panakuwa peupe kama pamemwagiwa unga, hivyo ni viputo vya gesi, unafurahi unasema imeondoka. Subiri dakika ishirini hivi, viputo vipungue, ndio rangi ya kweli ijitokeze. Ndio maana daktari wa ngozi anayejielewa anaanza na kinukta kimoja tu, anakurudisha nyumbani, anakuangalia tena baada ya wiki kadhaa.

Sasa ikigeuka nyeusi sio mwisho wa dunia, inaweza kutibiwa kama tatuu nyeusi ya kawaida, mara kadhaa, kila mara mkiachana wiki 6 mpaka 8, kwa wengine inafifia vizuri na kwa wengine inang'ang'ania. Ukienda uliza mashine ni gani. Kwa ngozi yetu inayopendelewa ni aina ya leza inayoitwa Nd:YAG, ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake), manake melanini haiunyonyi sana ule mwanga, zile za mawimbi mafupi kama 532 au leza ya rubi ya 694 zinagombana na rangi ya ngozi yako kwanza kabla ya wino, unabaki na mabaka. Na kama tatuu ni ndogo sana, kuna kuikata kwa upasuaji na kushona, au leza ya kaboni dioksidi inayokwangua ngozi yenyewe, zote zinaacha kovu, ni wewe uchague kovu ama tatuu.

Mara nyingi kilicho rahisi zaidi ni kuifunika na mchoro wa wino mweusi. Wanaoitaka nyeupe hawapendi kusikia hivo, lakini ndio hivo.

Swali: Nilichora nyusi saluni zikageuka rangi ya jivu. Dada wa saluni anasema atapitisha wino wa rangi ya ngozi juu zifutike. (Mama, Mtwapa)

Mamangu usikubali! Wino wa rangi ya ngozi ni ule mweupe wetu umechanganywa na njano na kahawia, mara nyingi ni titani tena pamoja na oksidi ya chuma, yaani kutu, na hiyo kutu nayo ikipigwa leza inaweza kugeuka nyeusi. Haufuti kitu, unafukia. Miezi michache jua likikuwivisha uso, ngozi inakolea, wino haukolei, unabaki na viraka juu ya macho, na ukija kutaka leza daktari ataogopa kukugusa maana sasa kuna wino mweupe usoni. Hii ni sawa na wanaojazia michirizi ya tumbo au mabaka kwa wino wa rangi ya ngozi, na hata midomo ile inayochorwa kwa wino wa pinki, mingi ina nyeupe ndani. Nyusi za jivu zenyewe bila kufunikwa kwa kawaida zinatibika kwa urahisi zaidi, nenda kwa daktari wa ngozi hivohivo.

Swali: Chumvi na ndimu je? (wengi sana)

Hapana. Kusugua chumvi ni mambo ya kale, inafanya kazi kwa kukutoa ngozi, basi. Na maji ya ndimu ukitoka nayo juani yanaunguza ngozi, malengelenge halafu weusi usioisha miezi. Mkorogo unachubua ngozi ya juu tu, wino uko chini unakucheka, na mikorogo mingine ina zebaki.

Swali: Naenda kutoa nywele za mkono kwa leza, nina tatuu nyeupe ndogo. Nimwambie?

Mwambie kabla hajawasha mashine, na asipite juu yake wala karibu. Leza ya nywele nayo inaweza kuigeuza nyeusi, na kwa vile haionekani yeye hatajua mpaka imeshatokea.

Swali: Basi hina nyeupe ya harusi si ndio salama? Na udhu? (Bi harusi mtarajiwa, Mji wa Kale)

Hongera bibie. Hina ya kweli haina nyeupe, jani la mhina linatoa wekundu wa kahawia, hakuna lingine. Hiyo nyeupe ni gundi ya mwilini iliyotiwa unga mweupe, inakaa juu ya ngozi siku chache halafu inabanduka yenyewe. Haichomwi, haihitaji leza, kwa hilo iko mbele ya tatuu kwa mbali. Jaribu kidogo nyuma ya mkono siku mbili kabla, gundi nyingine zinawasha.

La udhu muulize ustadhi wako, mimi nakupa cha kumwambia tu: tatuu iko chini ya ngozi, maji yanapita juu ya ngozi kama kawaida, lakini hiyo gundi ni tabaka kabisa, ukikwaruza na kucha inatoka vipande. Wengi wanaichora karibu na saa ya kupiga picha, usiku wanaipaka mafuta ya nazi iloe, wanaisugua na kitambaa cha maji ya vuguvugu inatoka yote.