Nilifungua darasa la dansi Kigoma siku tatu baada ya Jumatano ya Majivu

Mkuu uliyeko Tabora, swali lako nimelisoma mara mbili. Una milioni moja na laki mbili, umepata chumba Isevya, una vijana wanne wanaojua kucheza, na unataka kujua kama kufundisha dansi na kupiga shoo kwenye harusi kunalipa mkoani au ni mambo ya watu wa Dar. Mchangiaji mmoja kakwambia ufuate ndoto zako, mwingine kakwambia ununue bodaboda. Mimi kazi hiyo naifanya Kigoma mjini tangu 2023 na bado ipo, ila mwaka wa kwanza nilipigwa vibaya. Nakusimulia nilipojikwaa, wewe utachukua kinachokufaa.

Nilianza na laki tisa na nusu. Spika ya mtumba laki tatu na themanini. Chumba eneo la Mwanga elfu sitini kwa mwezi, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mwezi mmoja mmoja, alitaka miezi sita mkononi: laki tatu na sitini. Vioo vya ukutani laki moja na kumi. Laki iliyobaki ikaishia kwenye rangi, bango na soda za siku ya ufunguzi. Hesabu uone: siku nafungua mlango sikuwa na hata senti ya akiba. Hilo ni kosa la kwanza, wala halihitaji maelezo.

La pili ndilo lililonichekesha baadaye. Nilifungua Jumamosi, Februari 25, 2023. Nilichagua tarehe hiyo kwa sababu rangi ilikuwa imekauka. Basi. Kwaresima ilikuwa imeanza Jumatano ile ile, tarehe 22, na Wakristo wengi wa kwetu hawafungi ndoa Kwaresima. Machi haijaisha, Ramadhani ikaingia, na Kigoma unaijua, Ujiji yote ikishika mfungo hakuna wa kukuita ukatikise kiuno. Pasaka ikaja Aprili 9, Idi ikaja karibu wiki mbili mbele yake. Kwa hiyo mimi, mtu wa shoo za harusi, nilikaa miezi miwili kwenye mji usio na harusi. Utasema Waislamu huoa sana Shaabani kabla ya mfungo. Ni kweli, na Shaabani ndiyo ilikuwa inaanza nilipofungua. Ila harusi za Shaabani hupangwa mapema, kamati zilishakaa zamani, nani angemuita mtu aliyefungua juzi?

Aprili hiyo hiyo serikali ikasimamisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile isiyo na riba ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sisi tulikuwa tumeshaandika katiba ya kikundi na kuchagua mweka hazina. Nilikuwa nimeshaipigia hesabu kabisa ile hela: spika mpya, sare, mpaka jenereta dogo. Mkopo ambao hujaupokea usiununulie kitu kichwani, mkuu. Utaanza kuishi kama unao.

Miezi miwili hiyo darasani nilikuwa na wanafunzi wanne, ada elfu ishirini kwa mwezi, waliolipa wawili. Watoto wa jirani walikuwa wanachungulia dirishani wanacheza vizuri kuliko waliolipa.

Harusi ya kwanza tuliipata Mei. Makubaliano laki mbili na nusu, madansa sita, tuwafundishe wapambe kuingia ukumbini halafu sisi wenyewe tupige shoo moja katikati. Tuliwafundisha wapambe wiki mbili. Kuna kitu hapa ambacho watu wa nje hawakijui: Kigoma si mahali pa kubahatisha muziki wa Kikongo. Ng'ambo ya ziwa ni Kalemie na Uvira, watu wanavuka, wameoana, wana ndugu pande zote mbili. Ukumbini lazima kutakuwa na mama mmoja wa makamo, kakaa kwenye meza ya nyuma, ambaye anajua sebene inapoingia kabla DJ hajajua. Rumba ikienda taratibu unamvumilia tu dansa wako, lakini waimbaji wakinyamaza na gitaa la solo likachukua wimbo, ndiyo sebene hiyo, miguu inatakiwa ibadilike pale pale. Ukichelewa hata hesabu nne, yule mama anaguna. Nimesikia mguno huo mara nyingi.

Basi sisi tulifanya mazoezi na wimbo kwenye simu yangu. Mwanzo wake una gitaa peke yake, hesabu ya nane mara nne kamili, ndipo sauti inaingia. Wapambe wangu waliujua kwa hesabu: nane ya kwanza mmesimama, ya pili mabega, ya tatu hatua moja mbele, ya nne mnageukiana. Siku yenyewe DJ alikuwa na nakala nyingine, iliyokatwa mwanzo ili ianze moja kwa moja kwenye sauti. MC anapaza "Wapambeee!", wimbo unaingia, na wapambe kumi wamesimama kama wanasubiri basi stendi. Wanangoja gitaa ambalo halipo. Mmoja akaanza mabega, wawili wakatembea, bwana mdogo mmoja akanitazama mimi. Nikapiga makofi kutoka pembeni nikiita "tano, sita, saba, nane" mpaka wakakaa sawa. Ukumbi ulishangilia, wakadhani ni staili. Yule mama wa meza ya nyuma hakudanganyika.

Tangu siku hiyo wimbo wangu natembea nao kwenye flashi, nakala nyingine kwenye simu, na DJ namfuata saa mbili kabla nimsikilizishe mwanzo na mwisho. Siyo jina la wimbo. Mwanzo na mwisho.

Lakini kilichonivunjia kikundi hakikuwa DJ. Ilikuwa pesa ya kutuzwa.

Shoo yetu ilipokolea watu waliinuka kututuza, unajua mwenyewe, noti kwenye paji la uso, noti kwenye kola, shangazi wa bwana harusi anamwaga elfu mbili mbili kama karanga. Dansa wangu mmoja, kijana wa Gungu mwenye kiuno cha ajabu, alituzwa peke yake karibu nusu ya yote. Tulipotoka nje tukahesabu juu ya boneti ya gari la watu: elfu themanini na saba. Nikasema tugawane sawa. Yule kijana akasema noti walizombandika yeye ni zake, wangetaka wengine wangewabandika. Dada mmoja akajibu kwamba yeye alipangwa nyuma kwa amri yangu, angetuzwaje? Na wote wawili walikuwa sahihi, hapo ndipo pagumu. Wakati tunabishana, mweka hazina wa kamati akapita akaniambia ya salio la laki moja tutaongea kesho. Kesho hiyo sikuiona. Nilipiga simu wiki tatu, ya mwisho nikaambiwa michango haikutimia. Tulikubaliana kwa mdomo, sikuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu yeyote.

Madansa watatu waliondoka mwezi ule, wa Gungu akiwa wa kwanza. Nilijiona nimedhulumiwa. Leo nikikaa nikifikiri, mimi ndiye niliyewapeleka watu kazini bila kuwaambia watalipwaje. Sasa hivi utaratibu wangu uko hivi: nusu ya malipo siku ya kukubaliana, nusu kabla muziki haujaanza, na yote yameandikwa kwenye karatasi ya daftari na mtu wa kamati kasaini. Kutuzwa kunaingia kwenye kofia moja, aliyebandikwa anachukua theluthi ya alichobandikwa, kinachobaki tunagawana sawa. Na kwenye shoo ndefu nawapokezanisha watu mstari wa mbele. Kuna kikundi rafiki yetu kila mtu anachukua chake na hawajawahi kugombana. Muhimu mkubaliane mkiwa bado hamjaiona noti.

Sasa darasa. Nilipoona harusi zinasumbua nikageukia akina mama, mazoezi ya jioni kwa muziki, saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja kasoro. Likashika kweli, wanawake kumi na tisa kwa mwezi mmoja, wengi wa Ujiji. Nikapata furaha ya kijinga. Nikarekodi sekunde thelathini za darasa nikaweka status ya WhatsApp, niite wengine. Kwenye video kuna mama kavua mtandio, anacheka, anacheza kwa raha zake. Shemeji yake alikuwa na namba yangu. Kabla ya Isha mume wake alishaiona.

Wiki ile niliondokewa na wanawake tisa. Hakuna aliyenigombeza. Mmoja tu aliyekuwa mkubwa kwa umri alikuja mlangoni akaniambia, "Mwanangu, sisi tulikuja kwako kwa sababu una mlango." Nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa nyumbani kwa yule mama wa kwenye video nikaomba radhi mbele ya mumewe. Alirudi baada ya miezi mitatu. Kati ya wengine walioondoka, walirudi wawili. Sasa simu zinaingia kwenye kapu mlangoni, yangu ikiwa ya kwanza, na dirisha lina pazia. Sijawahi kutangaza tena hilo darasa na ndilo linalojaa. Wanaambizana sokoni.

Na hapa nifike kwenye jambo ambalo lilinichukua mwaka mzima kuliona. Mwaka huo huo nilianza darasa la pili Kibirizi, kule mwaloni wanakoshusha samaki, kwa wanawake wanaonunua na kuanika dagaa. Ada elfu ishirini mwisho wa mwezi. Kuna mwezi walilipa wote kwa furaha, mwezi mwingine tarehe hiyo hiyo hakuna hata mmoja. Nikawaona wababaishaji. Mpaka siku moja mwanafunzi wangu, anayewadai dagaa wenye vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, zaidi ya ninavyomdai yeye ada, akanionyesha juu kwa kidole. Mwezi mpevu, mweupe kama sahani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, vipe vinakaa ufukweni siku kadhaa, na mwanamke wa Kibirizi hana hela. Mimi nilikuwa nadai kwa mwezi wa kalenda, wao wanaishi kwa mwezi wa angani, na hiyo miezi miwili haiendi pamoja.

Nilifuta ada ya mwezi Kibirizi. Nikatengeneza kadi ya karatasi ngumu yenye vipindi kumi, elfu kumi na mbili, haina tarehe ya kuisha. Ananunua giza linaporudi na dagaa wanapanda, siku za mbalamwezi anakuja kucheza kwa vipindi alivyokwishalipia. Siku hizo ndizo ana nafasi, tena! Darasa langu la mbalamwezi huwa kubwa kuliko yote.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, Kibirizi nilishuka kutoka wanafunzi arobaini na mmoja hadi kumi na watatu. Niliumia, ila sikufa, kwa sababu Mwanga nilikuwa na walimu na manesi wanaolipa mshahara ukitoka, na likizo ya Juni nikaweka darasa la watoto. Wewe Tabora sina haja ya kukufundisha: kwenu ni tumbaku. Jua masoko yanafunguliwa lini, jua malipo ya wakulima yanachelewaga kiasi gani, na usimdai mtu ada wakati tumbaku yake bado iko bandani. Halafu tafuta wateja wengine ambao hawajui hata tumbaku inauzwa bei gani.

Makaratasi kwa haraka: TIN (namba ya mlipa kodi) ya TRA, leseni ya biashara ya manispaa, na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, anza kwa afisa utamaduni. Hata kama mauzo yako ni madogo, TIN uwe nayo. BASATA nilipuuza mpaka tulipoitwa kwenye shughuli moja ya kiserikali tukaulizwa usajili, tukarudi nyumbani na sare zetu.

Vioo usinunue mwanzo. Vyangu kimoja kilipasuka kabla hakijafika ukutani, na nilikuja kugundua mwanafunzi anayejitazama kwenye kioo akiingia ukumbini kusiko na kioo anapotea. Wageuzie mgongo, wakufuate.

Kitu kimoja hujakisema: hicho chumba cha Isevya sakafu yake ni ya nini? Kama ni saruji tupu, madansa wanaoruka kwa masaa mawili kila siku wataanza kulalamika mifupa ya ugoko ndani ya mwezi, mimi yamenikuta. Kwangu nilihamishia mazoezi ya kuruka kwenye mchanga wa ufukweni, ingawa mchangani huwezi kugeuka vizuri na vifundo vya miguu vinachoka. Wewe ziwa huna. Piga picha ya hiyo sakafu uweke hapa kabla hujanunua spika. Kesho niko Kibirizi, mwezi umeshajaa, kwa hiyo nitajibu usiku.