Kusubu risasi na kujaza maganda: jibu kwa afande wa Masasi

Afande, salaam. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Umestaafu, umerudi kwenu Masasi, silaha hujaigusa tangu ulipoikabidhi, na sasa umewaona wazee wa Kimarekani kwenye video wakiyeyusha madini ya risasi gereji, wakisubu vichwa vya risasi, yaani kuvimimina kwenye kalibu, na kujaza upya maganda yaliyokwishapigwa. Unataka kujua kama ni jambo la maana kwa mtu aliyetoka jeshini, kama linapunguza gharama, na kama shemeji yako aliyeko Houston anaweza kukutumia vifaa. Waliotangulia kukujibu wamesema utalala ndani. Hawajakosea, nitafika hapo. Ila mimi kazi hiyo nimeifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nivumilie kidogo, maneno ni mengi.

Mimi ni mtu wa Mikindani. Nimetumikia askari wa miguu mpaka nikastaafu na cheo cha staff sajenti. Darfur nimepita. Julai 13, 2013 msafara wetu ulivamiwa kule na wenzetu saba wakauawa. Mimi sikuwa kwenye msafara, nilikuwa kambini, na habari hiyo naiachia hapo hapo. Baada ya kurudi, bunduki ilibaki kwangu kuwa kifaa cha kazi, unaisafisha, unaisaini, unairudisha ghalani. Nilipostaafu sikuikumbuka. Vijana wa mtaani wanadhani mwanajeshi mstaafu lazima awe na hamu ya silaha. Mimi harusi ikianza kupiga fataki nilikuwa naingia ndani na kufungulia redio.

Binti yangu ni nesi, anaishi Texas. Alipojifungua nikaenda kumwona mjukuu. Jirani yake ni mzee aliyepigana Vietnam, na unajua namna askari wanavyotambuana hata kama lugha inagonga: alivyosimama tu nikajua. Jumamosi moja gereji yake ilikuwa wazi, yeye ndani kavaa miwani, glavu za ngozi na aproni, mbele yake chungu cha umeme, kwa kijiko chenye mdomo anachota kitu kinachong'aa kama kioo. Akaniita.

Kabla hujaenda mbali kwa mawazo: sheria yao ya shirikisho inamkataza mgeni mwenye viza ya matembezi kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa masharti machache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Yule mzee ndiye aliyenieleza, na akakataa katakata kunigusisha hata ganda lililojazwa mpaka nilipokata leseni ya mgeni. Nikampenda hapo hapo. Watu wanadhani kule ni holela. Kwa yule mzee haikuwa holela.

Sasa kazi yenyewe. Malighafi yake ilikuwa vile vipande vinavyogongwa kwenye rimu wakati wa kubalansi magurudumu. Anavikusanya kwa fundi wa matairi, lakini haviingii chunguni hivi hivi. Siku hizi vingi ni vya chuma au zinki, na zinki ikichanganyika na madini ya risasi inaharibu chungu kizima, maana mchanganyiko haujazi kalibu vizuri. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419, kwa hiyo ukiushikilia moto chini ya 400, kipande cha zinki kilichopita machoni pako kinaelea juu na unakiopoa. Kisha anatupia kinyofu cha nta, moshi unafuka, anakoroga na kukwangua kuta za chungu, uchafu wa kijivu unapanda juu na anauengua. Kinachobaki ni risasi yenye antimoni na bati kidogo, ngumu kuliko risasi tupu. Risasi tupu ni laini mno, kwenye bunduki ya kasi inaacha utando ndani ya mtutu.

Kalibu ni pande mbili za chuma zenye mishikio ya mbao, na juu yake kibati chenye tundu. Unamimina, unahesabu kidogo hadi kidimbwi cha juu kigande, unagonga kibati kwa nyundo ya mti kikate kikonyo, unafungua, kichwa cha risasi kinadondoka kwenye taulo. Vya kwanza vyote vinatoka vimekunjamana kama uso wa mtoto wa siku moja, kwa sababu kalibu bado baridi. Vinarudi chunguni. Kalibu ikipata moto vinaanza kutoka laini na vyenye kung'aa. Ukizidisha moto vinakuwa vyeupe kama vimepakwa unga, hivyo unapumzika kidogo. Mzee alinifundisha kuangalia kitako kabla ya ncha. Ncha ikiwa na kasoro ndogo, risasi bado itakwenda inakotumwa. Kitako kikiwa na ukingo butu upande mmoja, gesi inatoka mdomoni mwa mtutu bila ulingano na risasi inapotea. Nilikaa pale na kioo cha kukuzia, mimi mtu niliyefyatua maelfu ya risasi kazini bila kuitazama hata moja kitako, nachambua kimoja kimoja: hiki sawa, hiki chunguni.

Kujaza ganda ni kazi nyingine na siku nyingine. Kwenye meza kuna presi ya mkono iliyokazwa kwa bolti. Unaingiza ganda, unavuta wenzo, kiwashio cha zamani, kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti, kinang'oka na ganda lililotanuka kwa mlipuko linabanwa lirudi kwenye kipimo chake. Unaweka kiwashio kipya, baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha kichwa kinakalishwa na mdomo wa ganda unakazwa. Vipimo vya baruti vinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji, habahatishi mtu, na mimi sitakuandikia hapa hata kimoja. Kabla ya kukalisha vichwa, mzee alikuwa anapitisha tochi juu ya maganda yote yaliyopangwa kwenye kibao, akiangalia kina cha baruti kimoja baada ya kingine. Ganda lililojazwa mara mbili linaweza kukupasulia bunduki usoni. Lisilo na baruti kabisa linasukuma risasi katikati ya mtutu ikakwama pale, na ukipiga nyingine nyuma yake umejimaliza mwenyewe. Redio anazima wakati huo, simu anaacha ndani ya nyumba.

Utauliza kama yale maganda yetu ya SMG (zile za aina ya AK-47) na SAR (bunduki ya nusu-otomatiki) yanaweza kujazwa namna hii. Kwa kawaida hayafai. Mengi ni ya chuma, na chini yana matundu mawili madogo badala ya tundu moja la katikati, kwa hiyo kisindano cha presi hakina pa kupita kusukuma kiwashio kitoke. Mfumo wa matundu mawili uliasisiwa na Berdan, Mmarekani, na ule wa tundu moja na Boxer, Mwingereza. Leo Wamarekani wanatumia wa Mwingereza, na majeshi mengi ya dunia yanatumia wa Mmarekani. Mzee alikuwa anakicheka kisa hicho kila akikisimulia, na alikisimulia mara nyingi.

Sasa swali lako la kwanza, kama lina maana kwa mtu kama wewe. Kumbuka renji, afande. Mkimaliza kupiga mnainama wote kuokota maganda, mnahesabiwa, pungufu moja tu kikosi kizima kinapekua majani mpaka giza, na nyote mnamchukia mwenzenu ambaye ganda lake limeruka mbali. Ganda lilikuwa deni. Kule Texas nilipiga na bunduki ya wenzo ya mzee, .30-30, shabaha yadi 100, na kila baada ya mlio nilijikuta nimeinama kutafuta ganda kabla sijatazama hata shabaha. Mzee akacheka, akaniuliza nani ananidai. Yeye pia anaokota, lakini anaokota kwa kuwa wiki ijayo atalihitaji. Kuna maganda ya shaba pale aliyoyajaza mara nyingi hadi shingo zikaanza kupata nyufa, na hayo anayaweka kwenye kopo tofauti.

Risasi za kusubu ni za pole. Risasi ya SMG inatoka na mita kama 715 kwa sekunde, zile zetu zilikuwa chini ya hapo sana. Teke lake ni dogo, mlio si ule wa kupasua kichwa. Kwa masikio yangu ilikuwa nafuu kubwa. Mwili ulikumbuka wenyewe: shavu kwenye kitako cha bunduki, pumzi nusu nje, kidole kinavuta bila haraka. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa nyuma yangu akipiga kelele, na ile risasi niliijua. Zilijikusanya kwenye upana wa kiganja. Kwa mpigaji wa kweli hiyo si sifa, kwangu ilitosha, nikaomba tupige tena. Mzee akasema zimekwisha, ukitaka nyingine rudi mezani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yeye, aliyekaa miaka mingi baada ya Vietnam bila kutaka kuona bunduki, alirudi kwa mlango wa chungu na kalibu. Sehemu kubwa ya kazi haina mlio wowote. Unakaa na moto, mizani na macho yako, na usipotulia hakuna kitakachotoka. Kupiga ni dakika chache za mwisho.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwangu lilikuwa na maana, tena sana. Sisemi ni dawa. Mtu anayeota usiku au anayekosa usingizi aende hospitali akaonane na wataalamu, asije kutafuta chungu cha risasi.

Gharama? Kila risasi inakuwa rahisi, ni kweli, lakini utapiga nyingi zaidi na utanunua kalibu nyingine na nyingine. Mke wa mzee alikuwa na maoni yake kuhusu hilo.

Sasa nyumbani. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, hairuhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni, na leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kutengeneza risasi. Hata ukiwa na shotgani yako halali kwa ajili ya nguruwe pori wanaomaliza mihogo, risasi unanunua dukani kwa kitabu chako, basi. Usidanganywe na wazee wa Liwale na Nachingwea watakaokuambia babu zao walikuwa wanajitengenezea za gobole. Ni kweli walijitengenezea, na wapo waliobaki na vidole pungufu. Gobole lisilosajiliwa ni kesi, na polisi wakitangaza kipindi cha msamaha, aliyenalo akalisalimishe asisubiri kushauriwa tena.

Mimi nilichorudi nacho Mtwara si kifaa cha bunduki. Nilirudi na kalibu ya kusubia chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi, ya kampuni ya Do-It, ile wanayotumia wavuvi wa kule. Wavuvi wa mshipi wa Msangamkuu na Mikindani wanahitaji chubwi kila siku, maana miamba inazimeza. Moto ni ule ule, kukoroga na nta ni kule kule, kalibu baridi inatoa mikunjo ile ile, na anayekuja kuuliza nafanya nini anaondoka na chubwi mfukoni. Mikono yangu haijui tofauti. Hamu ya kupiga imebaki, naitimiza nikienda kwa binti yangu, na yule mzee hunitunzia maganda.

Ukitaka kuanza na chubwi, mambo machache ambayo wenzetu wa ufukweni hawayajali. Usiyeyushe betri za gari. Hapa Mtwara ndiyo risasi iliyo rahisi kupatikana na ndiyo mbaya kuliko zote: kuna tindikali, na ndani ya sahani mna vitu ambavyo vikikutana na maji baadaye vinaweza kutoa gesi ya sumu ya aseniki. Tumia vipande vya magurudumu au mabomba ya zamani. Tone la maji likizama kwenye risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke mara moja na chungu kinakurukia, kwa hiyo nje sawa, lakini si siku ya mawingu ya mvua, na kila unachotumbukiza kiwe kikavu. Lile jivu unaloengua juu ndilo sumu yenyewe, vumbi lake usilipulize wala usilimwage uani wanakocheza watoto, maana risasi inaharibu ubongo wa mtoto kwa kiasi kidogo sana. Sufuria ya kazi hii isirudi jikoni hata isuguliwe vipi. Usile korosho huku unamimina. Nawa kwa sabuni, badilisha nguo, kisha ndiyo ubebe mjukuu.

Na shemeji wa Houston mwambie asitume kitu. Baruti na viwashio haviruhusiwi kwenye begi la abiria wa ndege, si la mkononi wala la chini, na hata vikifika kwa njia nyingine, vitakufikisha kituo cha polisi kabla havijafika Masasi. Akitaka kukufurahisha, akutumie kalibu ya chubwi ya wakia mbili na nne, pamoja na glavu ndefu za ngozi. Hizo ndefu za kufika kwenye kiwiko ndizo za maana, mimi bado natafuta jozi ya pili.