Shingo kupinda baada ya sindano si jini

Pole, dada. Kaka yako kupinda shingo na macho kugeukia juu siku mbili baada ya sindano ya haloperidoli (dawa ya ugonjwa wa akili) si jini kupanda, wala dawa haijamharibu ubongo. Ni misuli imekaza. Madhara haya yanajulikana, hasa kwa vijana wa kiume, na hutokea siku za mwanzo. Mrudisheni hospitali leo leo. Sindano ya promethazini hulegeza, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha hupewa vidonge vya benzheksoli (ile Artane) siku chache isijirudie. Ulimi au koo likikaza ni dharura, msingoje kukuche. Kinachoharibu kweli ni familia kutupa dawa zote: wiki kadhaa baadaye zile sauti anazozisikia mgonjwa peke yake zinarudi. Mwombeni daktari apunguze dozi au abadilishe dawa.