Mambo ya Kujua Unapoanza Kuchunguza Historia na Mambo Kale ya Denbighshire

Anayeanza kuchunguza historia ya Denbighshire, kaskazini mashariki mwa Wales, ninamshauri aanze na mipaka kabla hajafungua daftari lolote. Wengi huanza na jina la familia au la kijiji, hulitafuta katika orodha ya hifadhi ya nyaraka, na wasipoona kitu huamini kwamba kumbukumbu zimepotea. Mara nyingi hazijapotea. Zimewekwa chini ya kaunti nyingine, kwa sababu jina Denbighshire limetumika kwa maeneo mawili yasiyolingana, na kati ya hayo mawili pana miaka 22 ambayo kaunti ya jina hilo haikuwapo.

Denbighshire ya kwanza iliundwa kwa sheria ya mwaka 1536, katika utawala wa Henry wa 8, Wales ilipounganishwa kisheria na Uingereza. Ilikuwa na Wrexham upande wa mashariki, na Llanrwst, Abergele na Colwyn Bay upande wa magharibi. Mwaka 1974 ilifutwa, na sehemu yake kubwa ikaunganishwa na Flintshire kuwa kaunti ya Clwyd. Mwaka 1996 Clwyd nayo ikavunjwa na jina la Denbighshire likarudi, lakini mipaka haikurudi ilivyokuwa: Wrexham ilipata halmashauri yake, maeneo ya magharibi yakawa ya kaunti ya Conwy, na kaunti mpya ikapewa Rhyl, Prestatyn na St Asaph ambazo awali zilikuwa za Flintshire, pamoja na eneo la Corwen lililokuwa la Merioneth. Kwa hiyo, kila unapotaja mahali, jiulize palikuwa katika kaunti gani mwaka ule unaouchunguza, uandike jibu hilo juu ya ukurasa wako wa kwanza.

Mfano unaotuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili ni wa mtu aliyepita katika nchi zetu akiwa na jina la Henry Morton Stanley. Alizaliwa katika mji wa Denbigh mwaka 1841 na kubatizwa huko kwa jina la John Rowlands, kwa hiyo ubatizo wake ni sehemu ya kumbukumbu za Denbighshire. Akiwa na umri wa miaka 6 alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mji ambao leo umo Denbighshire lakini wakati ule ulikuwa Flintshire, na nyaraka za nyumba hiyo ziliwekwa pamoja na kumbukumbu za Flintshire. Shajara na barua za safari zake za Afrika ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Anayemchunguza kupitia kaunti moja ya leo atampata nusu tu.

Stanley anatufundisha jambo la pili pia. Katika maandishi ya maisha yake, yaliyotolewa mwaka 1909 baada ya kifo chake, alisimulia kwamba alimpiga mwalimu wa ile nyumba ya maskini na kutoroka kwa kuruka ukuta. Daftari la nyumba lenyewe halisemi habari ya kutoroka. Linamwandika mwaka 1856 kuwa ameondoka kwenda kwa ndugu yake upande wa Holywell. Daftari nalo lina mwandishi wake na haja zake, hivyo sisemi liaminiwe bila kuhojiwa. Ninachosisitiza ni kwamba usimulizi wa mtu kuhusu nafsi yake uwekwe kando ya karatasi iliyoandikwa siku ile ile na mtu asiyejua kwamba mtoto yule angekuja kuwa maarufu.

Nyaraka za kaunti zenyewe husimamiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Kaskazini Mashariki mwa Wales, iliyoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha huduma za Denbighshire na Flintshire. Huduma ya Denbighshire ilikuwa tangu zamani katika jengo la gereza la Ruthin, lililofungwa mwaka 1916, na ile ya Flintshire ilikuwa Hawarden. Usiende bila kuweka miadi. Tafuta kwanza katika orodha yao ya mtandaoni, nakili namba kamili ya kila waraka unaoutaka, uwaandikie wahifadhi na kueleza swali lako badala ya kuomba "chochote kuhusu kijiji changu". Wahifadhi wanajua mambo mengi ambayo hayamo katika orodha, na swali lililonyooka huwapa nafasi ya kukusaidia.

Pengine ungependa kuanza na jambo lenye Afrika ndani yake. Katika mji wa Colwyn Bay, uliokuwa Denbighshire wakati ule na ambao sasa umo Conwy, mchungaji William Hughes, aliyekuwa mmisionari wa Kibaptisti nchini Kongo, alianzisha taasisi ya kuwafundisha vijana wa Kiafrika dini na ufundi wa mikono. Alikuwa amerudi Wales mwaka 1885 pamoja na wavulana wawili wa Kongo, Kinkasa na Nkanza. Wote wawili walifariki huko na kuzikwa katika makaburi ya Old Colwyn. Taasisi hiyo ilifungwa mwaka 1912. Habari zake zimetawanyika katika magazeti ya wakati huo, na magazeti ya Wales hadi mwaka 1919 yamewekwa mtandaoni bila malipo na Maktaba ya Taifa ya Wales iliyoko Aberystwyth. Unapoyatafuta, usitegemee jina la mtu peke yake, kwa maana wahariri waliandika majina ya Kiafrika kila mmoja kwa namna yake na mashine iliyosoma kurasa imeongeza makosa mengine. Tafuta kwa "Congo", kwa jina la mji, kwa jina la kanisa, na kwa Kiingereza na Kiwelisi. Ningefurahi sana kuona watafiti wanaotoka Kongo wenyewe wakiishughulikia habari hii, kwa sababu wataona katika majina na katika mahali walikotoka vijana hao mambo ambayo msomaji wa Wales hawezi kuyaona.

Suala la lugha lisikutishe, lakini lisipuuzwe. Miji mingi ina majina mawili, na orodha nyingine hutumia moja tu: Denbigh ni Dinbych, Ruthin ni Rhuthun, St Asaph ni Llanelwy. Majina ya watu nayo yana utaratibu ambao Mswahili huuelewa haraka kuliko Mwingereza, kwa kuwa Wawelisi wa zamani waliitwa kwa jina la baba kama tunavyosema Ali bin Juma. Neno "ap" likasimama mahali pa "bin", na "ferch" mahali pa "binti". Majina ya ukoo yasiyobadilika yaliingia polepole kwa karne kadhaa, na matokeo yake ni kwamba parokia moja inaweza kuwa na akina John Jones wengi wa rika moja. Kinachowatofautisha ni jina la shamba walilokaa. Kwa sababu hiyo, kila unapoandika jina la mtu, andika na jina la shamba lake.

Mashamba yenyewe utayapata katika ramani za zaka, ambazo kwa maoni yangu ndizo hazina kubwa kuliko zote kwa anayeanza. Sheria ya mwaka 1836 ilibadilisha zaka ya kanisa iliyolipwa kwa mazao ikawa malipo ya fedha, na ili kukadiria malipo hayo ardhi ilipimwa na kuchorwa parokia baada ya parokia. Kila ramani ina daftari lake linalotaja mwenye ardhi, mkaaji, ukubwa wa kila kipande, matumizi yake na, katika parokia nyingi, jina la kila konde. Maktaba ya Taifa imeziweka ramani hizo na madaftari yake mtandaoni, nawe unaweza kutafuta kwa jina la mtu au la shamba bila kulipa. Hapo historia na akiolojia hukutana, kwani konde lenye "gaer" katika jina lake linaweza kuwa karibu na ngome ya kale, na lenye "odyn" linaweza kuwa na mabaki ya tanuri. Jina hukuonyesha pa kutazama tu, halithibitishi kitu. Linganisha ramani ya zaka na ramani kubwa za serikali za mwishoni mwa karne ya 19, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti inazionyesha bure, kisha na picha za LiDAR, yaani vipimo vya uso wa ardhi vinavyopigwa kwa leza kutoka kwenye ndege, ambazo Serikali ya Wales inazitoa kwa umma. Mtaro uliosawazishwa na majembe ya trekta mara nyingi bado huonekana katika vipimo hivyo.

Kuhusu mambo kale, ziko kumbukumbu tatu ambazo wageni huzichanganya. Ya kwanza ni rejista ya mazingira ya kihistoria ya eneo, inayotunzwa na Heneb, taasisi iliyoundwa Aprili 2024 kwa kuunganisha taasisi nne za akiolojia za Wales, na inayosomwa mtandaoni kwa jina la Archwilio. Humo hata jiwe moja lililookotwa shambani linaweza kuwa na kumbukumbu yake, na tangu sheria ya mwaka 2016 kuwapo kwa rejista hizi nchini Wales ni takwa la kisheria. Ya pili ni Coflein, katalogi ya Tume ya Kifalme ya Mambo Kale ya Wales, tume iliyoanzishwa mwaka 1908. Hiyo ina nguvu katika picha, michoro na uchunguzi wa majengo. Ya tatu ni orodha ya Cadw, idara ya serikali inayosimamia maeneo na majengo yanayolindwa kwa sheria. Mahali pamoja huwa na namba tofauti katika kila moja, kwa hiyo nakili namba zote pamoja na namba ya gridi, yaani namba inayoonyesha mahali penyewe kwenye ramani. Tume hiyo ilitoa kitabu cha mambo kale ya Denbighshire mwaka 1914. Tarehe nyingi zilizokisiwa humo zimepitwa na wakati, lakini maelezo ya kile macho yaliona kabla ya vita viwili vya dunia na kilimo cha mashine bado hayana mbadala.

Kama unataka kuona jinsi nyaraka na udongo zinavyosaidiana, nenda kwenye Nguzo ya Eliseg karibu na Llangollen. Ilisimamishwa katika karne ya 9 na Cyngen, mfalme wa Powys, kumtukuza Eliseg baba wa babu yake, na iliandikwa maneno mengi ya Kilatini yanayotaja nasaba na ushindi wao. Leo maandishi hayo hayasomeki tena. Tunayajua kwa sababu Edward Lhuyd, mtunzaji wa jumba la makumbusho la Ashmolean huko Oxford, aliyanakili mwaka 1696, wakati nguzo ilikuwa tayari imeanguka na kuharibika. Ilisimamishwa tena mwaka 1779. Kati ya mwaka 2010 na 2012 vyuo vikuu vya Bangor na Chester vilichimba kilima kilicho chini yake na kuonyesha kwamba ni kaburi la Zama za Bronzi, la kale sana kuliko nguzo yenyewe. Jiwe pekee lisingetuambia maneno yake, na nakala ya Lhuyd isingetuambia kwamba Cyngen alichagua kilima ambacho tayari kilikuwa na wafu ndani yake. Tafuta maelezo ya wasafiri na wakusanyaji wa kale kwa kila mnara unaouchunguza, nawe upige picha zake zenye tarehe, kwa maana mawe yanaendelea kulika.

Vitu vilivyochimbwa havibaki lazima katika kaunti. Pango la Pontnewydd katika bonde la mto Elwy lilitoa meno ya watu wa Neanderthal walioishi takriban miaka 230,000 iliyopita, na uchimbaji wake uliongozwa na Makumbusho ya Taifa yenye makao yake Cardiff. Vivyo hivyo, rekodi za mahakama za utawala wa kikabaila wa Dyffryn Clwyd, yaani bonde la Clwyd, zinazoanza mwaka 1294, ziko katika hifadhi ya taifa huko Kew, London. Hizo ni za Kilatini. Ziache hadi umepata mazoezi, isipokuwa mtu amekwisha kuzitafsiri sehemu unayoihitaji.

Utakapoanza kutembea uwandani, ngome za kale za vilele vya milima ya Clwyd kama Foel Fenlli, Moel Arthur na Penycloddiau zitakufaa, kwa sababu kuna njia za umma na kuta zake za udongo zinaonekana wazi. Nje ya njia hizo omba ruhusa ya mwenye ardhi. Kutumia kifaa cha kutafutia metali katika eneo lililolindwa bila kibali ni kosa la jinai, na kitu kinachoweza kuwa hazina kisheria lazima kiripotiwe ndani ya siku 14. Usiking'oe wala kukisafisha. Piga picha, pima mahali kilipo, ukawaone maofisa wa mpango wa taifa wa kurekodi vitu vilivyookotwa.

Na ukiona uwandani kitu ambacho hakimo katika rejista, hata kama ni msingi wa nyumba ya mchungaji kondoo, waandikie Heneb. Ripoti ya kuwapelekea haihitaji ufasaha. Inahitaji namba ya gridi, vipimo, maelezo ya hali ya mahali, picha zenye kipimo ndani yake, na tarehe uliyofika.